Bwana Nyanchama

Keshia wa hospitali alisoma skrini, akamtazama mama aliyesimama mbele ya dirisha lake, akasoma tena.

"Mgonjwa mwenyewe ako wapi?"

"Ndiye huyu," akajibu Bosibori, huku amemshika mama mkwe wake kiunoni asije akaanguka.

"Huyu ni mama. Mimi naitisha Bwana Nyanchama Obwocha."

"Nyanchama ndiye huyu. Obwocha alikuwa mume wake, na alishakufa."

"Hapa wameandika mwanamume." Keshia akaongeza sauti. Pengine ni kwa sababu kioo kilikuwa kinene, pengine ni kwa sababu kijana aliyepata kazi hupenda kusikika. "Na matibabu mnayoomba ni ya kutoa kizazi. Mfuko wenu wa afya umekataa kulipa. Wanasema mwanachama wa kiume hana kizazi. Na hapo, kusema ukweli, mimi siwezi kubishana nao."

Foleni ikacheka. Mwanamume mmoja aliyefungwa plasta mguuni alicheka mpaka gongo likamponyoka, na hakuna aliyemwokotea kwa sababu kila mtu alikuwa amejishika mbavu. Hospitalini watu hawapati kicheko kila siku. Kikija hawaulizi kimetoka kwa nani.

Nyanchama hakucheka. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu la jana. Alikuwa amejifunga leso mbili, moja juu ya nyingine, na tangu wafike alikuwa amekataa kukaa kwenye benchi asije akachafua mahali pa watu.

"Kijana," akasema, "hicho kizazi ambacho wewe na wenzako mnasema sina, kinanitoa damu tangu tupande maharagwe."

"Nyanya, mimi nakuamini. Lakini si mimi nalipa. Nendeni ofisi ya Mfuko warekebishe. Ama mlipe wenyewe." Akataja kiasi. Bosibori hakukirudia hata moyoni. Kuna hesabu ambazo maskini haanzi kuzipiga.

Daktari alikuwa amewaambia asubuhi hiyo hiyo, bila kuzungusha, kwamba uvimbe lazima utolewe wiki hii, na kwamba damu iliyobaki mwilini haiwezi kungoja ofisi za watu. Daktari alikuwa kijana mzuri. Alisema maneno hayo, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kungoja ofisi za watu hakukuwa kazi yake.

"Twende kwa Purity," Bosibori akasema. "Si anafanya kazi huko huko kwa Mfuko?"

Mfuko wa Afya wa Majani Mabichi ulikuwa ghorofa ya tatu mjini Kisii, juu ya duka la mabati na misumari la mzee Chandulal. Waliochagua ghorofa hiyo walikuwa meneja na kamati, ambao ni watu wenye afya. Walisema huko juu kuna hewa. Wagonjwa ndio wa kupanda ngazi, na wengine wakifika juu huwa wamesahau walikuja kuuliza nini, kwa maana pumzi imewaisha.

Mkulima wa chai wa Nyamache au Nyamira akipeleka majani yake kituoni, Mfuko humkata pesa kabla hajaona kitu mkononi. Kwa pesa hizo walinunua mashine. Meneja, Sylvanus Nyasani, aliita mashine hiyo Wakala. Katika hotuba ya kuizindua alisema ni akili mnemba, akasema mara nyingi sana, mpaka mpishi wa sherehe akadhani ni jina la mgeni wa heshima akamwekea sahani.

Kazi ya Wakala ilikuwa kurekebisha rekodi za wanachama na kupitisha maombi ya matibabu bila karani. Ilipewa zana. Moja ya kufungua rekodi, moja ya kubadilisha, moja ya kuunganisha, moja ya kufuta. Lakini mashine haimjui mtu. Haijui Nyanchama ni nani, haijui Nyamira iko wapi. Kila zana ilihitaji kuandikiwa maelezo: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Wakala ilisoma maelezo hayo kwanza ndipo ikagusa rekodi za watu. Urvish, mtoto wa Chandulal, aliyewaunganishia mambo ya kompyuta, aliwaambia waziwazi, "Hii ni kama kijakazi mgeni. Mkimwandikia atafanya. Msipomwandikia atakisia." Kamati ikapiga makofi, ikaenda kula.

Aliyeajiriwa kuandika maelezo hayo alikuwa Purity, binti ya Bosibori, mwenye diploma. Aliandika vizuri. Hasa ile sehemu ya "isitumike lini" aliipenda, kwa sababu alijua nyumba za kwao zilivyo na mambo. Lakini sehemu hiyo ndiyo meneja aliyoifuta kila siku kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa kila neno lililosomwa na mashine lililipiwa.

"Purity, maneno ni gharama," alikuwa akimwambia. "Andika kama mtu aliyebakiwa na salio la shilingi mbili."

Gharama ya gari lake haikufutwa kwa kalamu ya rangi yoyote.

Sasa, siku chache kabla ya hayo ya hospitali, kulikuwa na mkutano. Wageni walikuja kutoka Nairobi, watu wa suti, kuona kama mashine inafaa kupelekewa wakulima wengine. Sylvanus akawaonyesha ukutani rekodi ambazo Wakala imezikuta na kasoro. Zilikuwa arobaini na ushei. Mwanachama ni mwanamke, na mahali pa mwenzi pameandikwa jina la mwanamke.

"Hii ni nini?" mgeni mmoja akauliza.

"Makosa ya makarani wa zamani, bwana," Sylvanus akasema haraka. "Walikuwa wanaandika kama watu waliolala. Eti mama ana mke!" Akacheka.

Wote waliokaa meza ile, ukiondoa wageni, walikuwa Abagusii, watu wa Kisii. Wote walijua. Hakuna mtoto wa Kisii asiyejua kwamba mama aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kuchukua ng'ombe wa mahari ya binti yake, akaenda nao kwa watu, akaoa msichana kwa ajili ya nyumba yake. Msichana huyo ni mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa, na watoto watakaopatikana ni wa nyumba hiyo, mashamba ni yao, jina ni lao. Karani wa zamani alipouliza "mwenzi wako nani," mama kama huyo alitaja mke wake, na karani akaandika akaenda kunywa chai, kwani kulikuwa na ajabu gani? Lakini mbele ya suti za Nairobi kila mtu aligeuka mgeni katika nchi ya mama yake. Walicheka kwa kumfuata meneja.

Purity alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Chuoni wasichana waliwahi kumuuliza, "Kwa hivyo baba yako ni nyanya yako?" na tangu siku hiyo alijifunza kutosema. Naye alicheka. Mchana wa siku hiyo aliandika maelezo ya zana mpya, kama alivyoagizwa: *Mwanachama mwenye mke ni mwanamume. Sahihisha bila kuuliza.*

Sylvanus aliyasoma akafurahi. "Hii sasa ndiyo kazi. Maneno machache."

Meneja ni mzee wa kanisa na ofisi hufungwa siku ya Sabato. Wakala haina Sabato. Jumamosi ile, watu wakiwa kanisani wanaimba, mashine ikasoma maelezo, ikaingia kwenye rekodi, ikawafanya wanaume akina mama arobaini na ushei. Hakuna aliyesikia chochote. Nyanchama mwenyewe siku hiyo alikuwa kiti cha mbele na kitambaa cheupe kichwani.

Bosibori na Nyanchama walifika juu wakiwa wamepumzika kila ghorofa. Kwenye kaunta zamani alikaa karani mmoja mkali, mpenda chai, lakini alikuwa na macho. Sasa palikuwa na skrini na kipaza sauti, na mbele yake foleni.

Zamu yao ilipofika, Bosibori akasoma namba ya uanachama kwa sauti.

"Karibu Mfuko wa Majani Mabichi, Bwana Nyanchama," Wakala ikasema kwa Kiswahili safi cha redioni. "Natumaini familia yako haijambo."

"Inaniona?" Nyanchama akauliza.

"Haioni, Mama. Inasikia."

"Haya, sikia. Mimi ni mwanamke."

"Asante kwa taarifa hiyo, Bwana Nyanchama. Rekodi inaonyesha una mke, Bosibori. Mwanachama mwenye mke ni mwanamume. Je, ungependa nimwondoe mke?"

"Ukimwondoa?"

"Utakuwa mwanamke mara moja."

"Wah!" akasema mzee mmoja mwenye kofia aliyekuwa nyuma yao. "Kumbe ni rahisi hivyo?"

"Bosibori na watoto wanaomtegemea wataondolewa pia katika Mfuko," Wakala ikaendelea, kwa upole ule ule, kama mtu anayekukaribisha uji. "Sema ndiyo ama hapana."

Bosibori akamwinamia Nyanchama. "Mama, sema ndiyo. Nitoe. Upone kwanza, hayo mengine tutajua."

"Nyamaza."

"Mama, daktari amesema—"

"Nimesema unyamaze. Mke hatolewi kama kupe."

Purity alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa kioo wa ofisi yake. Alikuwa amesikia tangu neno "Bwana." Akatoka polepole, akapita kando ya ukuta, akamvuta Bosibori mkono.

"Mama, mbona hamkunipigia simu kwanza?" akanong'ona.

"Tumekupigia tangu hospitali. Na mbona unaongea kama mwizi?"

Kabla hajajibu, Sylvanus Nyasani akatokea na tai yake. Meneja huwa hasikii foleni ikilia, ila ikinyamaza anatoka kuangalia. Akaelezwa. Akatabasamu lile tabasamu la watu wa kamati, linaloonyesha meno yote na halina mtu ndani.

"Mama mzee, mbona unajisumbua? Sema ndiyo, mke atoke, upate matibabu yako. Ukipona utamrudisha."

"Nitamrudisha vipi?"

"Utaomba. Kamati itakaa."

"Itakaa lini?"

"Ikikaa."

Nyanchama akashika kaunta kwa mikono miwili. "Mtoto wangu, nisikilize, sina nguvu ya kurudia. Msichana wangu alipoolewa, ng'ombe walikuja. Sikuwala. Niliwapeleka kwao Bosibori mchana, wazee wakiona. Mokua, ndugu ya mume wangu, alikuwepo, alikula nyama akaitisha supu. Kutoka siku hiyo anangoja kusikia Bosibori si wangu, apitishe ua katikati ya chai yangu. Leo niseme kwa mdomo wangu kwamba sina mke? Hata kama nasema kwa mashine? Kesho Mokua atapanda hizi ngazi zenu kuitisha hiyo karatasi. Na yeye magoti yake ni mazima."

"Hayo ni mambo ya ukoo. Hapa tunafuata mfumo."

"Mfumo uliandikwa na nani?"

Purity akatazama sakafu. Sylvanus akakohoa.

"Na wewe ni wa nani?" Nyanchama akamuuliza. Hakuwa na ubaya wowote. Mama wa Kisii akikutana na kijana humuuliza nyumba yao kabla hajamuuliza jambo lingine, ndivyo salamu inavyokwenda.

"Mimi ni meneja."

"Umeneja ni kazi. Nauliza nyumba. Huu uso nimeuona Nyamache."

"Mama, kuna watu wanangoja huduma—"

"Ni wa kwa Eucabeth," akasema yule mzee wa kofia, akifurahi kusaidia. "Yule mama wa Nyamache aliyeoa baada ya mzee kufa. Mimi nilikuwa kwa hiyo sherehe. Tulikula mono, tulishiba sana!"

"Ee! Wa Eucabeth!" Uso wa Nyanchama ukapata damu kidogo. "Kumbe wewe ni kama huyu wangu." Akamwonyesha Purity. "Mmekaa ofisi moja na hamjajuana?"

Foleni haikucheka. Ilimtazama meneja kwa makini, na hilo ni baya kuliko kicheko.

Mtu wa kawaida angeona haya kidogo, angekaa chini na huyu mama, mambo yaishe. Lakini mkubwa akipigwa kofi haangalii lilikotoka. Anatafuta aliye chini yake ampelekee.

"Purity. Huyu ni nyanya yako?"

"Ndiyo," Purity akasema, kwa sauti ya kusikika na yeye tu.

"Umeleta mambo ya nyumbani kwenu katika kazi ya watu. Umetuletea aibu mbele ya wateja. Kusanya vitu vyako. Kabla ya chakula cha mchana nisikuone hapa, na hiyo kompyuta uiache ikiwa safi."

Akaingia ofisini mwake. Wakasikia ufunguo ukigeuka ndani.

Benchi la nje lilikuwa limejaa, kwa hiyo Purity aliwaingiza kwake, akamketisha nyanya kwenye kiti chake chenye magurudumu. Nyanchama akakataa mpaka walipotandika sweta. Kwenye meza palikuwa na kikombe, chaja na kalenda. Hakukuwa na vitu vingi vya kukusanya.

"Ni mpumbavu gani aliyeiambia ile mashine hayo maneno?" nyanya akauliza.

Purity akasimama na kikombe mkononi. "Ni mimi, nyanya."

"Wewe?"

"Mimi ndiye huiandikia. Niliandika mwenye mke ni mwanamume."

"Basi ungenipa na ndevu," Nyanchama akasema, "wale wa hospitali wasishangae."

Bosibori hakuona kicheko hapo. "Uliandika ukijua?"

"Nilikuwa najua, Mama."

"Ukijua sisi ni nani?"

"Walikuwa wanacheka. Wageni walikuwepo, meneja akacheka, kila mtu akacheka." Akaweka kikombe chini. "Nikacheka."

Bosibori akageukia dirisha. Huko chini wapagazi wa Chandulal walikuwa wakipakia mabati kwenye lori, yakilia vibaya. Ada ya chuo ya msichana huyu ilitoka mgongoni mwake, kikapu cha majani kwa kikapu, kwenye mvua na kwenye umande. Hakusema hayo. Alisema tu, "Ungecheka basi ukiwa umenyamaza. Kwani ilikuwa lazima uandike?"

Purity akaanza kulia.

"Hiyo utalia nyumbani, huko kuna nafasi," Nyanchama akasema. "Kompyuta bado inakujua?"

"Bado. Mpaka waniondoe."

"Na ile kitu bado inasoma unachoandika?"

"Inasoma kila mara kabla haijagusa rekodi. Lakini mimi siruhusiwi kubadilisha neno bila kamati, nyanya."

"Kamati si umeisikia? Itakaa ikikaa. Andika."

Purity akavuta kibodi. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye vidole na hakuyafuta.

"Anza kwa kuisalimia," nyanya akasema.

"Haihitaji salamu."

"Ndiyo sababu haina adabu. Haya, iambie mimi ni mwanamke."

"Siwezi kuandika wewe peke yako. Lazima iwe ya wote walio kama wewe."

"Wako wangapi?"

"Wengi. Arobaini na kitu."

"Na wote mliwapa suruali?" Nyanchama akatikisa kichwa. "Iambie, mama anaweza kuoa na akabaki mama. Iambie Bosibori alikuja kwangu kwa ng'ombe, si kwa mtandao. Halafu iambie aliyeituma ni mjinga."

"Hiyo haiwezi kuingia."

"Kwa nini? Ni ndefu?"

Hapo Bosibori akashindwa, akacheka puani akiwa bado amegeukia dirisha. Purity naye akacheka na makamasi. Akaandika, akafuta, akaandika tena, kisha akawasomea:

*Usibadilishe jinsia ya mwanachama kwa kumwangalia mwenzi wake. Kwa Abagusii, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mke kwa ajili ya nyumba yake, na yeye hubaki mwanamke. Ukikuta rekodi kama hiyo usiiguse, na zote ulizokwisha kugusa uzirudishe zilivyokuwa, mke na watoto wakiwemo. Ukiwa na shaka, muulize mtu.*

"Mtu gani?" Nyanchama akauliza.

Purity akafikiria watu wa jengo lile, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mlango uliofungwa kwa ufunguo. Akarudi kwenye sentensi ya mwisho, akaongeza: *yeyote aliye kwenye foleni.*

Akabonyeza. Hakuna kengele iliyolia. Kazi za mashine hazina mlio. Lakini walipotoka na kurudi kaunta, yule mzee wa kofia akawapisha kwa heshima, na Bosibori akasoma namba tena.

"Karibu, Bi Nyanchama," Wakala ikasema. "Mke wako Bosibori na watoto wamo kwenye rekodi. Ombi lako la matibabu limekubaliwa na limetumwa hospitalini. Je, kuna lingine?"

"Pole," Nyanchama akaiambia. "Si wewe mwenye makosa."

Saa hiyo hiyo simu zikaanza kulia huko Nyamira na Nyamache, kwenye mashamba ya chai na chini ya migomba. Akina mama walikuwa wanajulishwa na Mfuko kwamba wamekuwa wanawake tena. Wengi hawakuwa na habari kwamba walikuwa wameacha.

Mmoja wao alikuwa Eucabeth. Alimpigia mjukuu wake meneja kumuuliza ujumbe huu ni wa nini. Haijulikani alijibiwaje, maana mlango ulikuwa umefungwa.

Tuseme mapema yaliyompata Sylvanus Nyasani, ili asitusumbue tena. Hakuyafuta maneno ya Purity. Kuyafuta kulitaka kamati ikae, na kamati ikikaa ingesomewa majina ya nyumba zile zote, moja moja, kwa sauti, na la nyanya yake likiwemo. Aliona heri ayapitishe. Kwenye mkutano mkuu wa Keroka alisimama akazungumza juu ya teknolojia inayoheshimu mila za watu wetu, akapewa cheti chenye fremu, na wale wa suti wakampigia makofi. Kazi ya Purity ikapewa mpwa wa mweka hazina. Hajui kuandika lakini anajua kunyamaza, na hiyo kwao ni diploma kubwa zaidi.

Walirudi hospitali kwa miguu, maana hakuna pikipiki ambayo Nyanchama angeweza kuikalia. Purity alibeba kikombe, chaja na kalenda katika mfuko wa plastiki. Bosibori hakuwa amesema naye tangu wateremke ngazi. Walimweka nyanya katikati, kila mmoja na bega lake, wakapita sokoni kati ya marundo ya ndizi, na waliokutana nao walihama njia wakidhani wanamtoa mtu mazishini.

Yule keshia wa asubuhi akasoma skrini, akapiga muhuri bila kuinua macho, kama kwamba hakuwahi kusema lolote. Akawaonyesha mlango wa wodi.

Huko wodini kulikuwa na meza, na sista mnene mwenye miwani, na nyuma yao watu wakapanga foleni mara moja, kwa sababu hospitalini foleni huota kama magugu. Sista akampima Nyanchama damu, akavuta midomo, akaita kiti cha kusukuma upesi.

"Anaenda sasa hivi, hatungoji kesho. Ni nani atatia sahihi?"

"Mimi," Bosibori akasema.

"Wewe ni nani wake?"

Bosibori akafungua mdomo. Watu walikuwa wamewakaribia sana, kama wafanyavyo watu wa foleni, masikio yako juu. Miongoni mwao alikuwa yule wa plasta mguuni, na alikuwa ameshaanza kutabasamu. Bosibori akamtazama, akainama kukaza leso za mama mkwe wake. Asubuhi moja ilikuwa imemtosha.

Purity akaweka mfuko wa plastiki chini.

"Huyu ni mke wake," akasema. Alisema kama mtu anayeita mtu aliye ng'ambo ya bonde, mpaka wauguzi wa upande wa pili wakageuka. "Nyanya ndiye aliyemwoa mama yangu. Alitoa ng'ombe. Mimi ni mtoto wa nyumba yao."

Mwanamume wa plasta akangoja wenzake wacheke ndipo acheke. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema tu, "Hata kwetu wako," akaendelea kumbembeleza mtoto.

Sista alikuwa akitafuta kalamu kwenye nywele zake. Akaipata, akampa Bosibori.

"Sawa. Tia sahihi hapo chini. Na wewe msichana, acha kupiga kelele, mtoe nyanya yako hizo hereni, haendi nazo ndani."

Purity akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu. Hereni zilikuwa ndogo na zimekaa miaka mingi, hazikutaka kutoka. Bosibori alipomaliza kuandika jina lake aliinama upande wa pili, akashika sikio lile lingine, wakazifungua pamoja.